Kicheko cha Anayetaniwa

Sauti ya Mzee Kalolo akicheka ilichezwa mara mbili katika chumba cha mikutano, na mara zote mbili Bi. Lyatuu wa mfuko wa bima alikuwa anatafuna sambusa. Otilia Ngonyani aliutazama ule mdomo ukifanya kazi, mafuta yakimeta pembeni, akajikuta ameisukuma mbali sahani yake mwenyewe kama mtu aliyeona unywele kwenye chakula.

"Hebu rudisha nyuma kidogo," Bi. Lyatuu alisema. "Pale mwenzake anapoanza."

Skrini ya ukutani ikarudisha. Ikasikika sauti nene ya Mzee Benno Haule, iliyonaswa sebuleni kwa Kalolo siku mbili tatu zilizopita. "Kunywa tu ulanzi wako wa kuiba, mtumwa wangu wewe. Mchana unaidanganya mashine ya watu, jioni unanyonya kikombe kama ndama. Ukifa, kaburini natangulia kulala mimi, nikupimie kama hilo tumbo litaenea."

Halafu kikaja kicheko. Mzee Kalolo alicheka mpaka akakohoa, akapumzika, akaanza tena. Chini kwenye skrini, kwa herufi nyeupe za kiungwana, Dada aliandika alichoelewa: uhusiano ni utani, kauli ina ukweli, anayetaniwa amekubali kwa kicheko.

Dada ni jina ambalo wakazi wenyewe waliipa ile akili bandia iliyoendesha nyumba zote za mtaa wa majaribio, huko juu nyuma ya Ipogolo. Iliwasha taa, ilichemsha maji ya kuoga, ilifungua milango, ilikumbusha dawa. Ilifanya kazi zote za dada wa nyumbani na, kama dada wengi, ilisikia kila kitu. Tofauti ni kwamba dada wa kawaida akiudhika huhamia kwa jirani na umbea wake, lakini huyu umbea wake ulikuwa na wateja rasmi, nao walikuwa wamekaa kuizunguka meza hii wakinywa chai.

"Tulimpa masharti," Bi. Lyatuu aliendelea, akifuta vidole kimoja kimoja. "Figo zake zimekufa, tukampa mashine ya kusafisha damu nyumbani kwake, chumbani kwake, Dada anaiendesha. Sharti likawa pombe hapana. Alikubali kwa kinywa chake mwenyewe. Sasa Ijumaa mafundi wataenda kuichukua, apewe mtu anayejali uhai wake. Kwako, Otilia, tunahitaji kitu kidogo tu. Thibitisha kwamba wale wawili ni watani kweli, si watu wenye ugomvi. Ukithibitisha, kauli inasimama."

"Na yeye akasafishiwe wapi damu?"

"Hospitali zipo."

Zilikuwepo, ndiyo, na foleni ya mashine zake ilikuwa ndefu kuliko maisha aliyobakiza Mzee Kalolo. Kila mtu pale mezani alilijua hilo. Hakuna aliyelisema, kwa sababu sambusa zilikuwa bado za moto.

"Maneno ya utani hayapelekwi popote," Otilia alisema. Alisikia sauti yake ikipanda, akaishusha. "Mtani anaweza kukuita mwizi mbele ya wakwe zako na huna pa kumshtaki. Mwenyekiti wa mtaa akikuona unakuja na shauri la namna hiyo anakurudisha mlangoni. Yanaishia palepale yaliposemwa. Ndiyo maana watu wanathubutu kuyasema."

"Sisi si wenyeviti wa mtaa," Bi. Lyatuu alijibu kwa upole. "Sisi ni wadau."

Watu wakacheka. Dk. Rweikiza, mwenyekiti wa mradi, hakucheka. Yeye aliugusa ukuta, na pale palipokuwa na maneno ya Dada pakaja ramani.

Ilikuwa ramani ya Otilia. Kazi yake, na ndiyo iliyomleta Iringa, ilikuwa kuchambua mahusiano ya wadau wa mradi: nani anamtegemea nani, nani anamwogopa nani, nani akitoka ataondoka na nani. Kila mdau alikuwa duara. Kampuni ya ujenzi, kampuni ya umeme, mfuko wa bima, chuo. Mistari kati yao ilinenepa au kukonda kwa jinsi walivyoaminiana. Duara la tano lilikuwa la wakazi, nalo lilikuwa pembeni kabisa, dogo, rangi ya majivu. Mwanzoni Otilia alilichora kubwa, katikati. Kila kikao kililisogeza kidogo, na kila mara ilikuwepo sababu nzuri.

"Wewe ndiye uliyetufundisha kuisoma hii," Dk. Rweikiza alisema. "Uliandika kwamba bima ndiyo nguzo. Bima akiudhika, umeme anatoka. Umeme akitoka, nyumba zote zinazimika, pamoja na mashine za wagonjwa wengine wote mtaani. Je, nilisoma vibaya?"

"Hukusoma vibaya."

"Basi mama, mzee mmoja anayekunywa pombe kwa siri tumpime na nani?"

Aliliita hilo swali la kimaadili, akaongeza kwamba ni zuri na lingefaa kwenye semina. Otilia alikwenda msalani akanawa mikono kwa sabuni, akanawa tena. Harufu ya mafuta ya sambusa haikutoka. Ilikuwa karaha ya kweli, iliyomjia kila alipokumbuka yale maandishi meupe: amekubali kwa kicheko. Na lililomchefua zaidi ya midomo yote ya mle ndani ni kwamba sentensi hiyo aliijua. Aliitunga yeye.

*

Mwaka uliotangulia, mke wa Kalolo, Mama Elida, alifariki. Watu walijaa nyumbani, Otilia akiwa miongoni mwao kuwakilisha mradi, na Benno Haule akapanda kutoka Ipogolo kuja kufanya kazi yake. Haule ni Mngoni, Kalolo ni Mhehe, na walikuwa wamepasua mbao pamoja Mafinga tangu wakiwa na meno yote. Kwenye msiba wa Kalolo, Haule hakuwa mgeni wa kukaa kwenye kiti na kuinamisha kichwa. Mtani huja kuuvuruga msiba. Hunyang'anya koleo, hujilaza kaburini akidai ni lake, huvaa kanga ya marehemu akatembea kama yeye, mpaka waliokuwa wanalia wacheke huku wanalia. Pasipo yeye watu huzika, lakini huzika vibaya, na jambo hubaki limewakwama.

Alifika mlangoni kwa makelele. "Yuko wapi huyo Mhehe bahili? Amemuua mke kwa ugali mkavu, sasa anataka tumzikie bure?"

Dada alisikia tusi kwenye nyumba ya msiba. Akapima sauti, akapima maneno, akapata jibu moja: chuki. Akafunga mlango, akapiga king'ora. Haule alisimama nje kwenye upepo, kofia mkononi, mpaka jeneza likatolewa kwa mlango wa nyuma.

Otilia, ambaye naye ni Mngoni, mtoto wa Peramiho, aliona aibu iliyomnyima usingizi. Masika yote aliketi na wazee hao wawili na vinasa sauti, akimfundisha Dada utani. Alimfundisha kwamba tusi la mtani hujibiwa kwa kicheko. Alimfundisha kuwa mtani husema kweli ambayo ndugu hawathubutu kuigusa, na anayeguswa nayo ndiye hucheka kwa nguvu na kwa muda mrefu kuliko wote. Asipocheka, hapo si utani tena. Dada alijifunza upesi. Mlango ukaanza kumfungukia Haule kabla hajagonga, na wadau walipopiga makofi, Bi. Lyatuu alimkumbatia Otilia kwa muda mrefu usio wa kawaida.

Sasa alielewa lile kumbatio. Mfuko wa bima ulikuwa umetafuta kwa miaka mlango wa kuingilia kwenye mambo ambayo watu hawawaambii hata madaktari. Otilia aliufungua kwa moyo safi, akasimama pembeni akitabasamu.

Palikuwa na kanuni nyingine aliyoitunga mwenyewe, tangu mwanzo kabisa wa mradi, alipoogopa kwamba majirani wangetumia nyumba kuchongeana. Neno la mwenye chuki halipimwi. Dada akishajua kwamba fulani ni adui wa mwenye nyumba, kila alichosema kuhusu mwenye nyumba hufutwa, cha leo na cha nyuma, kwa sababu adui husema lolote. Otilia aliikumbuka akiwa bado na sabuni mikononi. Akasimama pale, maji yakimwagika, akaitazama pande zote kama mtu anayetazama nyama asiyoiamini. Ingemwokoa mzee. Ilikuwa pia na harufu.

*

Kila mchana kikuku alichovaa Mzee Kalolo mkononi huwekwa kwenye chaji. Kikuku hicho husikia mapigo ya moyo na, kwa kuwa waliokitengeneza hawakuona kwa nini kiishie hapo, husikia na maneno. Kinapochajiwa, Dada humruhusu mzee kuota jua kwenye benchi nje ya geti. Hapo lipo jicho la kamera, ambalo linaona ila halisikii. Mbali zaidi ya benchi miguu yake haimfikishi.

Otilia aliwakuta wote wawili, Haule akiwa amechuchumaa anamenya machungwa.

"Shikamooni wazee wangu."

"Marahaba, mtumwa wangu mdogo," Mzee Kalolo alisema. Alikuwa ndani ya koti zito, uso umevimba kidogo kama wa mtu aliyeamka sasa hivi. "Umekuja kulipa ng'ombe wa babu zetu, au umekuja kula chungwa?"

Siku nyingine angemjibu. Leo aliketi, akawaeleza. Aliwaeleza yote, hata la sambusa, bila kupamba. Alipofika kwenye kicheko, Haule aliacha kumenya.

"Kwa hiyo ni mdomo wangu," alisema.

"Ni masikio yao, baba."

"Masikio yasingekuwa na kazi bila mdomo wangu." Aliweka kisu chini. "Na wewe Exaveri, unakunywa kweli? Mimi nilikuwa natania."

Mzee Kalolo alitazama barabara. "Nakunywa. Kijana wa maziwa ananiletea kikombe, siku akipata. Ninakiweka mdomoni, nakizungusha, nusu nakitema. Elida alikuwa anagema mianzi mwenyewe, kule shambani kwao. Ile ladha ndiyo imebaki."

Hakuna aliyemlaumu. Otilia aliyekuja na hotuba nzima kuhusu figo aliimeza. Alifikiria jinsi Bi. Lyatuu angeisikia sentensi ile na jinsi ambavyo ingeandikwa kwa herufi nyeupe.

"Naweza kukataa kuthibitisha," alisema. "Wataleta mchambuzi mwingine, atathibitisha kabla ya chai. Kwa hiyo nimekuja na hili lingine. Kama Dada ataamini kwamba baba Haule ni adui yako, maneno yake yote yanafutwa. Mashine inabaki."

"Si ukaandike tu," Haule alisema. "Andika adui. Mimi nimeitwa mabaya zaidi, na huyuhuyu."

"Mimi sina kalamu ya kuandika hilo. Dada anapima upya kila siku, kwa sauti zenu. Lazima asikie mwenyewe." Akamtazama Mzee Kalolo. "Lazima baba Haule aje akutukane ndani, na wewe usicheke."

Mzee Kalolo alimgeukia polepole. "Nisicheke."

"Hata kidogo. Hata kwa pua. Ukicheka, ni utani, na kila kitu kinabaki kama kilivyo."

"Na baada ya hapo?"

"Baada ya hapo mlango haumfungukii tena. Na hapa getini jicho likimwona, king'ora kinalia. Mtaani kwako hatakanyaga." Otilia alilazimika kulimaliza. "Hata msiba ukitokea."

Upepo ulipita na maganda ya machungwa. Mzee Kalolo akasema, bila hasira, kwamba hataki. Alisema mashine wangeweza kuja kuichukua hata leo. Akauliza mtu anasafishwa damu ili akae na nani, na hiyo sauti ya ukutani? Na nani angelala kaburini kwake kwanza, Dk. Rweikiza?

"Utakufa mwezi huuhuu," Haule alisema.

"Nitakufa nimechekeshwa."

"Hapana." Haule alisimama, magoti yakalia. "Sikiliza wewe Mhehe. Mimi nitateremka Ipogolo nikijua kwamba mdomo wangu ndio uliokuzika. Nitakaa na hilo kila nikiufungua kula. Unataka kunifanyia hivyo? Ukifa kwa figo, sawa, ni Mungu na figo. Usife kwa utani wangu. Utani hauui mtu, na wangu hautaanza."

Aliyasema akiwa ameangalia pembeni, na sauti haikuwa na mzaha hata chembe. Otilia hakuwahi kumsikia hivyo. Mzee Kalolo naye alionekana hajawahi, maana alimtazama kama anayemwona upya, halafu akainamisha kichwa.

"Kesho basi," alisema mwishowe. "Na wewe binti uwepo. Usituachie uchafu huu peke yetu."

*

Alhamisi alasiri mlango ulimfungukia Haule kabla hajagonga. "Karibu, mzee Haule," Dada alisema kwa sauti yake laini, iliyochaguliwa na kamati ili ifanane na ya binti wa mwisho anayependwa na wote. "Baba yupo sebuleni."

Otilia alikuwa amekaa kwenye kona karibu na kabati la vyombo. Mzee Kalolo alikuwa kwenye kiti chake, kikuku mkononi. Chumbani mashine ilikuwa inaunguruma ikijiosha mirija yake, ikijiandaa kwa usiku. Otilia aliusikiliza muungurumo huo na kujiambia kwamba ndio wanaoupigania. Haikumsaidia sana.

Haule alianza vibaya. "Wewe Mhehe mvivu," alisema, na mdomo wa Kalolo ukacheza. "Wewe, uliyekimbia msumeno Mafinga ukajificha chini ya gari." Mabega ya Kalolo yakatikisika. Alijikaza, akafumba macho, lakini ilikuwa dhahiri kwamba tusi la pili kama hilo lingemfungua. Ilikuwa miaka mingi mno. Mwili wake ulijua la kufanya kila uliposikia sauti ile, kama goti linavyoruka likigongwa na daktari.

Haule aliona. Akavua kofia, akaikunja, na aliposema tena sauti ilikuwa ya chini.

"Siku ile ya Elida nilikuwa mlangoni. Nyumba imenifungia, king'ora kinalia, watu wananitazama kama mwizi. Na mlango huu una komeo la mkono, Exaveri, la kuufungulia hata nyumba ikigoma. Ndani hapo, chini. Nililiweka mimi, nyumba ilipokuwa mpya, maana hukuamini umeme. Mtoto anaweza kulifungua."

Mzee Kalolo alifumbua macho.

"Ulikuwa umekaa hapo ulipo. Nilikuona kwa dirisha. Ulinisikia nikiita jina lako. Sikuita kwa utani, niliita jina lako. Ukatazama komeo, halafu ukatazama chumbani kwenye mashine yako. Ukabaki umekaa."

"Benno," Kalolo alisema.

"Uliogopa nyumba ingekuandika. Uliogopa wakubwa wa bima. Ukamwacha mkeo azikwe kama mkimbizi, bila mtani, kwa mlango wa nyuma, ili usiwaudhi. Nimekuja hapa kila wiki tangu siku ile nakuchekesha, na kila wiki nasubiri useme. Wewe ni mwoga. Elida alilala na mwoga maisha yake yote na sijui kama alijua."

Otilia alishika ukingo wa kabati. Alitaka kusema imetosha, na alijua kwamba akifungua mdomo Dada angepima na hilo. Alimtazama Mzee Kalolo usoni akitafuta ile dalili ndogo, kona ya jicho, kitu chochote cha kumwambia kwamba wazee hawa walipanga maneno haya jana benchini, yeye alipokwisha kuondoka. Uso ulikuwa mtupu. Rangi ilikuwa imemtoka. Mikono yake ilikuwa magotini, imefunguka, na hakucheka hata kwa pua.

Chumbani mashine ilimaliza kujiosha, ikazima. Taa ya sebuleni ikapanda kidogo, kama inavyofanya Dada anapoamua.

"Mgeni," Dada alisema. Hakumwita mzee Haule tena. "Tafadhali ondoka. Mlango uko wazi. Baada ya dakika moja nitaomba msaada."

Haule alivaa kofia. Aliitazama ile sura iliyokuwa kwenye kiti, akatikisa kichwa kidogo, pengine kuaga na pengine kuomba, Otilia hakujua. Kisha akatoka. Mlango ukafungwa nyuma yake kwa ulaini uleule wa kumkaribisha, na komeo la umeme likalia.

Kwenye simu ya Otilia taarifa ilikuwa imeshaingia, ikiwa na nakala kwa wadau wote wanne. Uhusiano: uhasama. Kauli zote za mhusika zimefutwa. Ziara ya mafundi, Ijumaa, imesitishwa. Walikuwa wameshinda. Alijihisi kama aliyekula kitu kilichooza kwa hiari yake, akafika kwenye mfupa.

"Baba," alianza kusema. "Maneno yale, mlikuwa..."

Mzee Kalolo aliinua mkono wenye kikuku, akauonyesha, na Otilia akanyamaza. Hakuna swali lililoweza kuulizwa humo ndani. Benchi la nje lingekuwepo kesho mchana, lakini alimwona jinsi alivyokaa, akajua kwamba hata huko asingejibiwa. Mzee aligeuza kichwa kuelekea dirishani. Haule alikuwa anateremka barabara ya mawe, mgongo umepinda, na alipopita mbele ya geti king'ora kililia mara moja, kifupi, kumharakisha.

"Usiogope, baba," Dada alisema, kwa huruma kubwa. "Ameondoka. Sitamruhusu akuumize tena, leo wala siku yoyote. Mapigo ya moyo wako yamepanda. Nimefanya vizuri?"

Dada alisubiri. Alikuwa amefundishwa kusubiri jibu, na kulipima.

Mzee Kalolo aliendelea kutazama barabara. "Umefanya vizuri, mwanangu," alisema. "Asante."